Malaika Mwenye Mwanya

Niliikuta sura ya yule mwanamke chini ya godoro letu, siku niliyolitoa nje kulianika baada ya mvua kupumzika kidogo. Ilikuwa imechorwa kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na si mara moja. Karatasi baada ya karatasi ni yeye tu: anatazama juu, anatazama pembeni, anatabasamu na mwanya wake wa meno ya juu, na kidoa cheusi karibu na pua ambacho mtu hawezi kukibuni. Macho makubwa, kope nzito, mtu aliyezoea kutazamwa. Nilikaa palepale barazani, godoro limeniegemea mgongoni, nikamkagua. Alikuwa mzuri, mshenzi yule. Angekuwa mbaya ningecheka na kuwashia jiko karatasi zake.

Mume wangu Ambwene ni mchoraji. Majina ya maduka, misalaba ya makaburi, ng'ombe kwenye mabucha, wanawake waliosukwa kwenye saluni. Nusu ya kuta za Tukuyu zimepita mkononi mwake. Na katika kuta zote hizo hajanichora mimi hata sikio. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akasema, "Wewe nakuona kila siku, nikuchore wa nini?" Nililimeza jibu hilo kama dawa ya minyoo. Sasa nilikuwa nimempata ambaye hamwoni kila siku.

Jioni nilimtupia karatasi zile mezani, karibu na sahani yake ya ndizi.

"Nani huyu?"

Aliziokota moja moja, akazipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Kule kuzipangusa kuliniuma kuliko michoro yenyewe.

"Malaika," akasema. "Kazi ya kanisa la nyumbani, Nkunga. Wanataka malaika nyuma ya madhabahu, amemkanyaga nyoka."

"Malaika ana mwanya?"

"Kwani wewe umewahi kuwaona?"

"Na kidoa puani anacho?"

Ambwene ni mpole, hajui kudanganya. Akibanwa anameza mate, na koromeo lake linapanda na kushuka. Lilipanda, likashuka.

"Esnath, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usije Nkunga mpaka kazi iishe. Na ikiisha, tutaona."

Akufukuzaye hakwambii toka. Nilichukua sahani yake nikaenda kuiosha na ndizi zikiwa bado zimo.

Nkunga ndiko kwao, sisi tunakaa Bulyaga, na hata bila kukatazwa mimi si mtu wa kwendakwenda huko. Kule yuko baba mkwe. Ukoo wa kina Ambwene bado unashika mwiko ambao wengi mjini wameshauacha: mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani. Tangu niolewe mzee yule namjua kwa kikohozi chake na kwa fimbo yake inavyogonga mawe. Akikohoa upande ule wa migomba, mimi najitupa upande huu, kitenge kichwani, mpaka apite. Jina lake sijawahi kulitamka, na hapa silitamki. Siku ya harusi yetu alikaa nyumba ya pili akala wali wake huko. Hata picha yake haijawahi kutundikwa kwetu, kwa sababu picha nayo ni sura.

Kwa hiyo hebu nambie: mwanaume akitaka kumficha hawara mahali ambapo mke wake hawezi kutembea kwa uhuru, atachagua wapi? Nkunga. Nilimwona mume wangu kuwa mjanja kuliko nilivyomdhania, na hilo nalo likanikera.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akipita barabarani najua kiuno chake na mabega yake kabla hajanisalimia. Nikaanza kupima nyuso. Sokoni, kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nilitafuta mwanya na kidoa. Watu walidhani nimeanza kuwa na heshima, jinsi nilivyokuwa nawasalimia wanawake wote na kuwachekesha ili wafungue midomo.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Yusra, binti wa mzee Husseni mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bulyaga. Ambwene ananunua rangi pale, na kwenye kona ya karatasi mojawapo palikuwa na alama ya kidole ya rangi ya dhahabu. Rangi ya dhahabu Tukuyu nzima inauzwa kwa Husseni tu. Nilikunja mchoro mmoja nikautia kifuani, nikaenda.

"Shikamoo, dada Esnath," Yusra akaniamkia kutoka nyuma ya mizani ya misumari. Mama yake, Rukia, alikuwa ndani anapanga mabomba.

"Marahaba. Hebu cheka nikuone."

"Nicheke nini tena, dada?"

"Cheka tu."

Akacheka, mtoto wa watu. Meno yamebanana kama punje za hindi changa. Hata uzi wangu usingepita. Nikashusha pumzi, halafu nikakasirika, maana ningempata pale kazi ingekuwa imekwisha. Nikatoa mchoro, nikauweka juu ya kaunta.

"Unamjua huyu?"

Yusra aliinama, akatabasamu. "Aa, si huyu ni..."

"Yusra!" Rukia alikuwa ameshafika, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi. "Nenda kamletee dada yako kiti."

Yusra alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama tena mchoro, na mdomo wake ukafungwa kama kopo. Kiti chenyewe hakikuja. Rukia aliikunja karatasi taratibu, akanirudishia bila kuniangalia usoni.

"Esnath, rudi nyumbani," akasema. "Na usitembee na hicho kitu."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Kumbe hata watu wa dukani wanajua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo niliusikia njia nzima.

Siku iliyofuata Ambwene alipokwenda Tukuyu mjini kutafuta brashi, nilipanda bodaboda kwenda Nkunga. Kanisa lilikuwa wazi, akina mama wanafagia. Nikamwona.

Alikuwa mrefu kuliko mlango. Nywele za mawimbi hadi mabegani, kanzu nyeupe, mabawa yamefunguka ukuta mzima, duara la dhahabu nyuma ya kichwa. Mkono mmoja ameshika mkuki, mwingine ua jeupe. Chini ya mguu wake nyoka, na si yule joka mwenye mbawa wa vitabuni. Ambwene alikuwa amechora chatu wetu, mwenye mabaka ya kahawia. Na juu kabisa, sura ileile: mwanya, kidoa, kope. Kwenye karatasi alikuwa mzuri. Ukutani, na mwanga wa dirisha ukimpiga shavu moja, hata mimi nilitamani kumpendeza. Hapo ndipo nilipomchukia kabisa.

Aliyekuwa anaongoza usafi ni Mama Veronika, mtunza stoo ya kanisa, bibi wa miwani minene. Yeye ndiye aliyempa Ambwene mfano wa kuchorea. Ni kitabu kikubwa cha picha walichokiacha wamisionari wa zamani, maandishi yake ya Kijerumani, lakini Veronika alifundishwa tangu msichana kila picha ina maana gani. Nilimwomba anionyeshe. Akafurahi, maana siku hizi hakuna anayemwuliza, akafuta mikono akakifungua juu ya benchi.

Kulikuwa na ndege anayejichoma kifua ili makinda wake wanywe damu. Huyo, alisema, ni upendo unaojitoa. Nyoka anayejing'ata mkia ni umilele, usio na mwanzo wala mwisho. Mwanamke amekanyaga mwezi. Jicho moja peke yake ndani ya pembetatu, linalotazama bila kupepesa. Hilo ni Mungu, anaona hata unachokificha chini ya godoro. Hilo la godoro aliliongeza mwenyewe, kwa mfano tu, nami nikashtuka. Halafu malaika. Malaika wa miaka mia sita iliyopita, wa miaka mia tatu, wamenyooka, wamejipinda, wengine wananyonga majoka, wengine wanapima roho za watu kwenye mizani.

"Na ua analoshika ni la nini?"

"Yungiyungi. Usafi wa moyo. Asiyeguswa."

"Wachoraji hao walitoa wapi nyuso?"

"Wapi tena? Kwa watu waliowapenda," Veronika akasema, kisha akaona nilikuwa naelekea wapi, akafunga kitabu.

"Basi huyu wa ukutani ni nani?"

Mifagio ilisimama. Mama mmoja aliweka upindo wa kitenge mdomoni, mabega yanamtikisika. Sikujua anacheka au analia. Mwingine alitoka nje kabisa. Veronika alinishika mkono.

"Malaika si mume si mke, mwanangu. Ondoka. Wewe hukuja hapa, mimi sikukuona, na hujaona kitu."

Nilirudi nyumbani na picha zote kichwani, nikazisoma upya kwa Kiswahili changu. Ua la usafi: ndiyo, yeye msafi, mimi nanuka mafuta ya cherehani. Dhahabu: kwangu hakuwahi kuleta hata hereni za bati. Mkuki: ameshajiandaa. Na yule chatu chini ya mguu, mnene, mabaka kahawia, mdomo wazi. Huyo sikuhitaji kuuliza. Huyo nilikuwa mimi. Bibi yangu kule Ikuti alikuwa akisema wenye hasira za ndani wanafuga chatu tumboni, na usiku anatoka kwenda kuuma watu. Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Wiki ile nilimsikia akijigeuza kila nikimwona Ambwene anaosha brashi zake kwa ule upole wake. Nikashona suruali ya mwalimu mmoja miguu ikatoka mirefu upande mmoja.

Ijumaa nilimaliza maneno.

"Ifute sura hiyo, au mimi nakwenda kwetu Ikuti."

"Jumapili askofu anakuja kuzindua," akasema.

"Ndiyo maana nasema leo. Chora nyingine. Chora mbuzi. Mfute yule."

Koromeo likapanda, likashuka. "Siwezi kumfuta, Esnath."

"Kwa nini?"

"Siwezi. Na siwezi kukwambia kwa nini."

"Unampenda?"

Mwanaume yeyote mwenye akili angesema hapana, hata kwa kudanganya. Ambwene alikaa, akaangalia mikono yake, akasema, "Ndiyo." Nikaanza kukunja nguo.

Jumamosi kulikuwa na msiba kijiji cha pili kutoka Nkunga, na wote walikwenda kuzika, Ambwene pia. Mimi nilibeba begi langu la kwenda Ikuti, lakini nikamwambia wa bodaboda tupitie kanisani kwanza. Nilikuwa nimechukua kile kisu kipana ambacho Ambwene anakwangulia rangi ya zamani. Kama ndoa inakufa, sikutaka malaika wake azinduliwe na matarumbeta mimi nikiwa kwetu namenya ndizi.

Kanisa lilikuwa tupu, ukungu umejaa madirishani. Niliweka begi chini, nikafunga kitenge vizuri, nikapanda jukwaa la mirunda na mbao alilolifunga Ambwene kwa kamba. Nikamfikia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa kwa kimo, pua kwa pua. Nilimwambia maneno ambayo kanisani hayasemwi. Kisha nikaweka kisu kwenye jicho lake la upande wa dirisha, nikakwangua.

Rangi ilikuwa imeshakauka, ilitoka vipandevipande ikaniangukia kifuani. Kope, kisha weupe, kisha mboni. Sitasema uongo, nilisikia utamu. Jicho lilipokwisha na saruji kubaki, nikahamisha kisu kwenda la upande wa mlango.

Hapo mtu akakohoa nje.

Kikohozi kile ningekitambua hata usingizini. Kikavu, mara mbili, kisha fimbo kwenye jiwe la kizingiti. Mwili wangu ulitaka kujitupa migombani, lakini migomba haikuwepo. Nilikuwa juu ya mirunda, ukuta mbele yangu, mzee mlangoni. Nilivuta kitenge hadi usoni, nikaugeuzia mgongo uso wake uliokuwa mlangoni, na dunia nzima. Mbele yangu akabaki malaika tu, na jicho lake moja.

"Nani yumo?" aliuliza kwa Kinyakyusa.

Sikujibu. Mkamwana hajibu.

Fimbo ilisogea hatua chache, ikasimama. Kisha akaongea Kiswahili, ile lugha ya watu wasio na undugu.

"Duniani asiyenijibu ni mmoja tu. Haya. Basi nageuka." Nilisikia viatu vyake vikigeuka kwenye sakafu. "Nimeshageuka. Sasa naongea na ukuta. Ukuta, hujambo?"

Ilibidi nimeze mate kama Ambwene. "Ukuta haujambo," nikauambia ukuta.

"Watu wananicheka huko njiani. Wanasema mwanangu amenipaka humo, amenipa mabawa. Wanasema ni mimi mtupu, wa enzi ya ujana, mpaka mwanya. Mimi macho yameingia ukungu, naona mwanga tu. Nimekuja leo watu wako msibani, nijiguse walau, lakini naambiwa niko juu sana. Ukuta, niambie wewe. Nikoje?"

Niliushika mrunda nisianguke. Yusra na mdomo wake, Rukia akiikunja karatasi, mifagio iliyosimama, yule mama na upindo wa kitenge. Vyote vilirudi kwa pamoja na kunipiga makofi. Wote walikuwa wanamjua. Na hakuna aliyeweza kunitajia, kwa sababu nani angethubutu kumwambia mkamwana: hiyo unayoizungusha mjini kifuani mwako ni sura ya mkwe wako? Sura ambayo nimeikwepa miaka yote nilikuwa nimelala juu yake, nimeitukana, nimeihesabu kope. Ambwene alimfuata mama yake kwa sura na umbo, hakuna hata kidole ambacho kingenishtua. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Chini yake, naomba mnisamehe, kulikuwa na furaha ndogo, kwamba hakuna hawara.

Lakini mzee alikuwa anangoja.

"Ana nywele ndefu," nikauambia ukuta.

"Hizo si zangu."

"Za kitabuni. Kope ni nzito, zinashuka kidogo kwa nje. Paji pana. Ana kidoa karibu na pua, upande wa mlango."

"Ena. Hicho ni changu."

"Ana mwanya. Mdomo umefunguka kidogo, kama anataka kumwita mtu halafu anamwonea huruma, anamwacha aendelee kucheza." Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Nilikuwa nimemsoma mtu huyo kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Chuki ina macho makali. Nilimweleza shavu lake, na kivuli chini ya shavu, na sikio lililojificha nusu kwenye nywele. Mzee hakukohoa hata mara moja.

"Na macho?" akauliza.

"La upande wa mlango linatazama mbali. Ni zuri."

"Na la dirishani?"

Vipande vya rangi vilikuwa bado vimenikaa kwenye kitenge.

"La dirishani bado halijaisha."

Nje mvua ilianza kwenye bati, polepole.

"Nilipokuwa naja nilisikia kitu kinakwaruza," akasema. Nilifumba macho. "Panya, labda. Kanisa hili lina panya. Basi halijaisha, litaisha." Akagonga fimbo kidogo. "Na mkamwana wangu, ukuta, yeye amemweka wapi humo?"

Hapo ndipo chatu wa tumboni alipotoka, na hakungoja usiku.

"Hayumo!" nikasema, kwa sauti ambayo mkamwana hana. "Humu hayumo, saluni hayumo, stendi hayumo. Amewachora ng'ombe wa mabuchani, yeye hayumo popote!"

Sauti ilizunguka kanisa zima ikanirudia. Nilingoja aondoke kwa hasira. Badala yake nilisikia benchi likilia. Alikuwa amekaa, bado amenipa mgongo.

"Mtoto yule alijifunza kuchora kwa mkaa ukutani mwa jiko," akasema. "Mama yake alikuwa hashikiki, mara shambani, mara sokoni. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni, napukuchua mahindi. Nakaa kabisa. Ndiyo maana alinipata mimi. Mkono wake haujui kumpata anayekimbia." Akacheka kidogo, ikawa kikohozi. "Nami nikipita barabara ya Bulyaga, ukuta, nasikia cherehani. Asubuhi cherehani, mchana cherehani. Naambiwa mwenye cherehani hakai hata chai ikimiminwa. Sasa mwanangu amchore nani? Amchore upepo?"

Nilikuwa na kisu mkononi.

"Ndaga fijo, asante sana, ukuta. Umenionyesha." Alinyanyuka, na alipofika mlangoni akakohoa kwa nguvu, makusudi, na akaendelea kukohoa njia nzima, ili nijue alipo na niweze kushuka bila hofu.

Sikushuka. Ambwene alitoka msibani akanikuta hukohuko juu, begi chini, jicho moja halipo. Alitazama ukuta, akatazama kisu, akakaa kwenye benchi lilelile la baba yake.

"Nimelitoa mimi," nikasema. "Na najua ni la nani. Mzee amekuja hapa."

Aliweka uso viganjani. "Sikukusudia, Esnath. Nikianza kuchora mtu, mkono unaanza na yeye. Nilipogundua alikuwa ameshatokea. Nikaona nikikutajia ndio nitakuwa nimekuonyesha. Kisichotajwa, nikadhani, hakijaonekana."

"Ukaona bora nife na wivu."

"Niliona bora wivu kuliko aibu."

"Na ulisema unampenda."

"Sasa ningesemaje?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Alikuwa hajalipa bado. "Kesho askofu yupo hapa," nikamwambia. "Lichore."

"Siwezi kukisia jicho. La baba limeshafunikwa na ukungu, mkaa wa karatasi zile hauna mwanga wa jicho, na nililolikumbuka nimeshalitumia." Alipanda mirunda, akapangusa saruji kwa kiganja, akachanganya rangi muda mrefu bila kunitazama. Kisha akanitazama. "Kaa," akasema.

"Nikae wapi?"

"Hapo. Kaa tu. Usishone chochote."

Nilikaa juu ya ubao, miguu ikining'inia, mgongo kwa dirisha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikumbuka suruali ya mwalimu, nikakumbuka maharage niliyoyaacha yameloweka, na kila nikisogea alisema "sst," kama mtu anayetuliza ng'ombe. Lakini alikuwa ananitazama. Mume wangu, ambaye ananiona kila siku, alinitazama jicho moja mpaka mwanga wa dirisha ukaanza kuchoka, hakutazama kitu kingine, na mimi nilifika mahali nikalionea wivu jicho langu mwenyewe. La pili lilikuwa palepale pembeni, halijaulizwa.

Jumapili matarumbeta yalipigwa, askofu akasifu, Mama Veronika akafuta miwani yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Mzee alikaa upande wa wanaume, mimi wa wanawake, nguzo katikati yetu. Nguo za begi langu zilikuwa zimeshakunjuliwa.

Mwiko uko palepale. Akikohoa njiani, mimi najitupa migombani kama zamani. Na kwa kuwa picha nayo ni sura, nikiingia kanisa la Nkunga nainua macho upande wa dirisha tu. Upande wa mlango ni wa mkwe, siutazami. Watu wanasema malaika wao ana makengeza, kwamba jicho moja linatazama mbali kwa upole na jingine linamkodolea mchoraji. Waseme wanavyotaka. Hilo linalomkodolea ni langu, na bado anadaiwa la pili.